Nani Aliyamaliza Mayai ya Sikujua

Kijijini, njia ya Mwakitolyo
9 Februari 1986

Mdogo wangu Donatus,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua huko Dar es Salaam mmesahau kuamkia watu. Huku tunaendelea. Mayu anakusalimu sana, salamu za mama kwa mwanawe. Bado anapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua, na macho yake yamezidi kuwa mekundu kwa moshi, lakini ukimwambia atoke jikoni anauliza kama wewe ndiye utakayempikia. Mwanangu Philomena ameingia darasa la pili, anasoma kila kinachopita mbele yake, hata maandishi ya magunia ya pamba. Mvua ilinyesha, ikaacha, imeanza tena. Na shemeji yako Makoye amepata dhahabu. Lile duara lake, lile shimo ulilolicheka, ukasema amechimba choo, limekutana na mwamba wenyewe.

Sasa nikwambie kilichonifanya ninunue bahasha. Ni aibu kumwandikia hivi ndugu wa kiume, lakini wewe ndiye unayesoma mambo ya miili, kwa hiyo funga macho usome. Ni mwaka na zaidi sasa sijaona siku zangu. Sina mimba. Usiku nawaka joto natupa shuka. Nilikwenda hospitali mjini, daktari kijana akanipima, akaniambia mayai yangu yamekwisha. Nina miaka thelathini na moja! Nikamwuliza nani ameyamaliza. Akacheka, akaita mgonjwa mwingine.

Mwanzoni Makoye alifurahi. Unajua mwanamke aliye katika siku zake haruhusiwi kusogelea duara, dhahabu inakimbia. Basi akawa ananikalisha mdomoni mwa shimo kutwa nzima, anawaambia watu huyu ni mkavu, huyu ni bahati. Nimekaa pale juani kama gunia. Dhahabu ilipotoka watu wakahesabu miezi, wakaona siku zangu zilikatika mwezi uleule alipoanza kuchimba. Sasa wanasema aliliuza tumbo langu. Wachimbaji wake wawili wamemkimbia, wanaogopa kwamba watakaofuata ni wao.

Kwa hiyo amemleta nfumu, mganga wa kunitibu. Anaitwa Pantaleo, jina la ubatizo kabisa, na kucha zake sijui alizikata lini. Dawa yake ni hii: anachukua mayai chini ya kuku anayeatamia, siku ya kumi na tano, anayapasulia kwenye kibuyu, anaongeza majani anayoyajua yeye, nami nakunywa kabla ya jua. Mayai yarudishwe kwa mayai. Kifaranga kina macho, Donatus. Kina macho na hakina manyoya. Nilimeza, na kesho nitameza tena, maana Makoye anasimama mlangoni kuangalia.

Nijibu swali moja tu. Mayai ya mwanamke huisha? Na yakiisha, huwa yamekwenda wapi?

Mayu anauliza kama utakuja Pasaka. Jogoo wako yupo.

Dada yako,
Sikujua


Dar es Salaam
2 Machi 1986

Dada Sikujua,

Shikamoo, na unipelekee shikamoo ya Mayu. Mimi ni mzima. Huku joto, mbu, na chakula cha chuo ambacho wali wake una mawe mengi kuliko duara la Makoye. Mwambie Philomena nitamletea kitabu chenye picha.

Barua yako imenitapisha. Nasema kweli, nilipofika kwenye kile kifaranga niliiweka chini nikatoka nje. Na mimi si mtu wa kutapika ovyo. Kila Jumanne naletewa ndoo kutoka machinjioni, imejaa ovari za ng'ombe, yaani vile vifuko vya mayai, zinaelea kwenye damu. Nazikata vipande vyembamba, naviangalia kwa darubini. Mikono inanuka mpaka Ijumaa. Lakini huo uchafu una maana. Uchafu wa Pantaleo hauna maana yoyote. Usinywe tena.

Sasa nikujibu, maana umeuliza kitu ambacho ndicho ninachokisoma.

Ndiyo, huisha. Mtoto wa kike akiwa na miezi mitano tumboni ana mayai yapata milioni saba. Siku anapozaliwa yamebaki milioni mbili, au hata pungufu. Akivunja ungo yamebaki malaki machache. Yatakayokomaa maishani mwake ni kama mia nne. Mengine yote hufa, wala hayauawi na ugonjwa. Yanajiua yenyewe. Nimeyaona: chembe, yaani yai lenyewe, inajikunja, inajikatakata vipande, na chembe jirani zinavila vile vipande kimya kimya. Hakuna usaha, hakuna harufu. Siku ya kwanza nilitema mate, maana uozo nimeuzoea, lakini kifo kisafi namna ile sikuwahi kukiona.

Kwa nini yafe? Yai huanza kujigawa mtoto akingali tumboni, kisha linasimama katikati ya kazi na kungoja, miaka ishirini, thelathini. Lililokosea katika kule kujigawa huamriwa kufa. Hata lililo zima linabaki hai kwa sababu chembe zinazolizunguka zinaliambia kila siku: bado, usife. Siku chembe hizo zikinyamaza, na lenyewe linakufa. Nani anatoa amri ya kunyamaza, wataalamu bado wanabishana. Kwa wanawake wachache hesabu hii hukimbia mbio. Kwako imekimbia. Ndiyo habari yote, na kijana yule wa hospitali angeweza kukueleza kwa dakika kumi kama angekuwa na adabu.

Nimepigia mstari maneno haya ili yasikupotee: Mayai yako hayakumalizwa na dhahabu wala na Makoye. Yalianza kufa ungali tumboni mwa Mayu.

Mwoneshe Makoye, kama bado anajua kusoma.

Pasaka bado sijui. Tutaona.

Mdogo wako,
Donatus


Kijijini
20 Aprili 1986

Donatus,

Marahaba. Philomena alikuwa na kikohozi, kimepona. Mtama umeota vizuri.

Barua yako ilifika. Makoye aliichukua dukani kwa Kamrudin alipokwenda mjini kununua betri, ikanifikia ikiwa wazi. Uliniambia nimwoneshe. Alikuwa amekwisha kuiona.

Dawa ya Pantaleo sinywi tena, hakuna anayenilazimisha. Pasaka tulikungoja. Jogoo ameliwa na wengine.

Mayu yupo.

Usiandike tena habari za mayai, wala usiniulize kwa nini. Ukija utaona mwenyewe.

Sikujua


Dar es Salaam
25 Mei 1986

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta asante, sijaiona. Jioni mbili nzima nilikaa kukuandikia, nikayatafutia Kiswahili mambo ambayo sisi wenyewe tunafundishwa kwa Kiingereza, na jibu ninalopata ni mtama umeota. Dawa umeacha, vizuri. Kwa hiyo barua ilifanya kazi. Sasa umenuna nini?

Na "Mayu yupo" maana yake nini? Mayu hajawahi kukosa salamu za kunitumia. Hata alipovunjika kidole aliniletea salamu na matusi juu. Anaumwa? Mmegombana?

Pasaka nilikuwa na mitihani. Na niseme wazi, ninapomfikiria Pantaleo na kibuyu chake, na Makoye amesimama mlangoni, na watu wazima wanaokaa kuhesabu siku za mwanamke, nasikia kichefuchefu na kijiji kizima. Sijui mnaishije humo.

Jibu haraka.

Donatus


Ngokolo, Shinyanga
6 Julai 1986

Donatus,

Marahaba. Philomena hajambo, amehamia shule ya hapa Ngokolo. Anwani ni ileile ya duka la Kamrudin, ila sasa barua nazichukua mwenyewe. Nimemwomba asimpe mtu mwingine, ameniapia. Tumepanga chumba kimoja uani kwa mama mmoja muuza michembe, viazi vikavu. Tuko watatu: mimi, Philomena na Mayu.

Uliuliza "Mayu yupo" maana yake nini. Maana yake hakuwa amekufa. Siku ile sikuwa na neno jingine la kweli la kukuandikia.

Jumamosi baada ya Pasaka kijiji kilikutana kumwuliza Makoye habari ya tumbo langu. Wachimbaji wake wote walikuwa wamekwisha kumkimbia, alikuwa amebanwa kwelikweli. Akasimama, akatoa barua yako mfukoni, akasema, "Mnaniuliza mimi? Mwulizeni mtoto wa huyu mama." Akasoma. Alikuwa anasoma Kiswahili, anawaeleza wazee kwa Kisukuma, sentensi kwa sentensi. Nilikuwa nangoja aongeze uongo nimrukie. Hakuongeza hata neno moja. Alisoma milioni saba. Alisoma chembe jirani zinavyokula vipande kimya kimya, na watu wakaguna. Pale ulipopigia mstari alisoma mara mbili.

Mzee mmoja akauliza, "Aliyeandika ni nani?"

"Mtoto wake wa kumzaa. Yuko chuo kikuu."

"Na ameona kwa macho yake?"

"Anasema ameona. Kwa darubini."

Basi, ikaisha: kwao, Mayu aliyala mayai yangu nikiwa tumboni mwake. Pantaleo alikuwa amekaa mbele. Akatikisa kichwa polepole, eti yeye alijua siku zote ila alikuwa anatusitiri. Wote wakageuka kumtazama Mayu na macho yake mekundu, ambayo kwao ni macho ya mchawi. Mimi nikasimama nikasema barua haisemi hivyo. Wakaniambia, haya, inasemaje? Nilikuwa nimeisoma mara nne, Donatus, na sikuweza kuwaambia inasemaje.

Wakamtenga. Asipewe moto, asiteke maji kisimani, asisalimiwe, na atakayemsalimu atengwe naye. Wanawake ambao Mayu amewazalisha, amewakatia watoto wao vitovu, walipita njiani wamegeuza uso upande wa pili. Asubuhi moja tulikuta mlango umepakwa mavi. Niliyasugua kwa majivu, harufu haikutoka kwenye mbao, na Mayu akawa anasimama pale anasema labda ni mbwa. Mbwa gani anapaka mlango mpaka juu? Mwezi wa sita, mchana kweupe, akaja mtu nisiyemjua, amebeba panga, akahesabu hatua kutoka njiani mpaka mlangoni kwetu, akaondoka. Siku ileile tulipanda lori la pamba.

Makoye sikumuaga. Nasikia wachimbaji wamerudi kwake na shimo linatoa. Nikiona pete ya dhahabu kidoleni mwa mtu natamani kumtemea mate. Nawachukia wote, na wewe nakuchukia kidogo, kwa ile "mwoneshe Makoye".

Lakini si hilo. Tulipofika hapa Mayu alitaka kusikia barua yenyewe, Philomena akamsomea, herufi kwa herufi. Kesho yake Mayu alipiga magoti mbele yangu akaniomba msamaha. Mama yangu mzazi, magoti! Nilimwinua kwa hasira mpaka nikamwumiza mkono. Anaamini, Donatus. Wao wanaamini kwa sababu Makoye alisoma. Yeye anaamini kwa sababu wewe uliandika. Anakula peke yake, sahani anaosha peke yake, na Philomena hamgusi tena hata kumsuka. Anasema kama mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote basi ya Philomena yapo tayari, na yeye hataki kuyala na hayo.

Swali lake anataka nikuandikie kama alivyolisema: "Mwulize mwanangu, nilikula nini nilipokuwa na mimba ya Sikujua?"

Mjibu.

Sikujua


Dar es Salaam
3 Agosti 1986

Dada Sikujua,

Shikamoo. Mwambie Mayu shikamoo, mwambie mara mbili.

Habari za huku sina. Barua yako nimelala nayo wiki tatu. Jumanne ndoo ilipoletwa nilishindwa kuifunua.

Pasaka sikuwa na mitihani. Nilikwenda ufukweni na wenzangu, tukakaa siku nne tukila samaki. Niliona kinyaa kuja nyumbani: nzi, moshi, watu wanaokushika mikono wakikuuliza utaoa lini. Sasa kinyaa hicho ninacho bado, ila kimegeuka upande wangu. Ule mstari niliupiga kwa rula. Niliinuka kitandani nikaenda kuazima rula chumba cha pili, ili ukae sawa. Sikuwa nakuandikia wewe. Nilikuwa najiandikia mimi, nisikie navyojua.

Msomee Mayu haya, na Philomena asikie.

Mayu, hukula kitu chochote. Wanawake wote duniani wako hivyo, na ng'ombe wako hivyo. Mayai yako wewe pia yalianza kufa ukiwa tumboni mwa bibi, na bibi hakuwa mchawi. Hakuna mtu anayeyaua. Ya Sikujua yamewahi kwisha kwa sababu ambayo hata walimu wangu hawaijui, na wangeijua wasingekuta jina lako hapo. Philomena unaweza kumsuka. Mkono haufiki huko.

Na kuna hili ambalo sikuliandika mara ya kwanza, nilikuwa nina haraka ya kutaja mamilioni. Yai lililokuja kuwa Sikujua lilikaa ndani yako tangu wewe hujazaliwa. Lilingoja zaidi ya miaka ishirini. La kwangu lilingoja zaidi ya thelathini. Miaka yote hiyo, ya njaa na ya shibe, mwili wako uliliambia kila siku: bado, usife. Ndiyo maana tupo. Mimi nayaona yale yanayokufa kwa sababu ndiyo yanayopakwa rangi kwenye vioo vyetu vya darubini. Yaliyoishi yanakuandikia barua.

Nisamehe, Mayu.

Mwanao,
Donatus


Ngokolo
24 Agosti 1986

Mdogo wangu Donatus,

Marahaba. Philomena amekuwa wa tatu darasani. Hatuumwi.

Nilimsomea Mayu barua yako, jana alasiri, uani. Alikuwa anachambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa "bado, usife". Nikarudia. Niliona uso wake unalegea kidogo, nikasema moyoni, haya, huyu mtoto safari hii ameweza. Akachambua majani matatu, manne. Kisha akaniuliza, "Hayo mawili niliyaambia yasife. Na yale mamilioni mengine niliyaambia nini?"

Niliikunja barua. Kama wewe una jibu, usiliandike. Nakuomba kwa jina la baba yetu Nkwabi, usituandikie tena. Wewe ukiandika sentensi tano, moja inaumwa na nyoka njiani kabla haijatufikia.

Nikwambie jambo la mwisho, unisikie vizuri. Maneno ya kule yamefika hapa. Sijui yameletwa na nani, labda na lori lilelile. Wapangaji wenzetu wameanza kusogeza masufuria yao mbali na letu. Mama wa michembe jana alikataa kikombe cha uji alichopewa na Mayu, akasema ameshiba, saa moja asubuhi. Nayajua haya, yanaanza hivihivi, na kutoka hapa hatuna tena pa kukimbilia.

Unajua watu wetu. Mtu akishasemwa hivyo, wanaangalia kama watoto wake wanakula alichopika. Mimi nakula kila siku, lakini mimi ndiye ninayesemwa nimeliwa, ulaji wangu hauthibitishi kitu. Philomena ni mtoto. Aliyeandika ni wewe. Barua ile haitafutwa na barua nyingine, ila mkono wako ukiingia kwenye sahani ya Mayu watauona.

Kwa hiyo njoo. Panda treni ya wiki hii, chuo kimefungwa, usiniambie mitihani. Ushuke stesheni, uje moja kwa moja Ngokolo mchana, wakati watu wote wako uani. Umwamkie Mayu kwa sauti. Halafu ukae chini atakapokaa yeye, na chochote atakachopika, ugali, mlenda, maziwa ya mgando yenye nzi, ule kwa mkono wake, sahani moja naye, mbele yao wote, mpaka kiishe. Usiwaeleze chochote. Ule tu.

Mayu hatakubali mwanzoni, atakusukuma. Usiondoke.

Najua kinyaa chako. Funga macho umeze. Kifaranga cha Pantaleo kilikuwa na macho, na nilimeza.

Dada yako,
Sikujua